Wingu ni Nyumba ya Mtu

Ndugu zangu wa kalamu, safari hii sikuja na shairi. Nimekuja na ugomvi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo hospitalini, hospitali moja hapa Dar ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunaihitaji. Mwanawe, yaani mdogo wangu, ana miaka 9 na ana sikoseli. Mnaoijua sikoseli hamhitaji maelezo. Msioijua, mtafuteni mtu aliyewahi kumbeba mtoto kwenye bajaji saa nane za usiku, mtoto analia mifupa. Basi alipokwisha kutolewa damu tukaitwa kwenye chumba kidogo, tukapewa fomu ya ridhaa ya utafiti, kurasa 6. Nesi alikuwa na haraka zake. "Mama, soma, ukiridhika tia saini hapa na hapa." Mama mdogo hakuja na miwani. Nikasoma mimi.

Jamani, mimi Kiswahili nimekisoma mpaka kidato cha sita, na hadithi zangu mbili mmezisoma humuhumu jaridani. Naapa sikuielewa ile fomu. Ilikuwa Kiswahili kwa maana ya kwamba kila neno limo kwenye kamusi. Nilipofika ukurasa wa 4 nikakuta kwamba data za mtoto, "zisizotambulishika", zaweza "kushirikishwa kwa usalama na washirika wa kimataifa katika mazingira ya kompyuta ya wingu". Nikasoma kwa sauti. Mama mdogo akanikatiza:

"Wingu? Damu ya mwanangu inapelekwa mawinguni?"

Nesi akacheka. Mimi nami nikacheka, nikacheka kabisa, na ni aibu ya kicheko kile inayoniandikisha makala haya. Kwa sababu nilipotoka nje nikajiuliza: hivi mimi niliyecheka, najua inapelekwa wapi? Sikujua. Mama mdogo alikwisha kutia saini. Ungefanyaje? Mtoto ana homa, daktari wa utafiti ndiye huyohuyo daktari wa matibabu, na dawa zinatolewa dirisha la pili.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni watu wa maneno. Wingu kwa Kiswahili chetu halina mwenyewe. Ni la Mungu, linapita juu ya nyumba ya tajiri na ya maskini, likitaka linanyesha. Aliyelichagua neno hilo kuuzia kompyuta alijua anachofanya, na waliotutafsiria walilipokea kama walivyolikuta, bila hata kulinusa. Wingu la kompyuta halina tone la maji. Ni ghala. Ni jengo lenye uzio na mlinzi getini, lenye jenereta, viyoyozi vinavyovuma usiku na mchana, na makabati ya seva yamepangwa safu kwa safu kama vitanda vya bweni. Jengo hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana serikali yake. Microsoft walifungua ya kwao Johannesburg na Cape Town mwezi Machi 2019, Amazon wakafungua Cape Town Aprili 2020. Mengine yako Ireland, Ujerumani, Marekani. Na data hazirukii huko kama ndege. Zinapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika, sote tuliona intaneti ya mji huu ilivyougua. Wingu gani hilo linalokatika baharini?

Kwa hiyo ukimwambia mama mdogo kwamba habari za mwanawe ziko kwenye wingu, hujamwambia kitu. Mwambie ziko kwenye ghala la kampuni ya Kimarekani lililojengwa Ireland, uone. Mwanamke yule anauza vitambaa Kariakoo, mambo ya ghala anayajua. Atakuuliza palepale: Ufunguo anao nani? Wanaoingia wanaandikwa wapi? Kikiibwa kitu namshitaki nani? Hayo ndiyo maswali ya ulinzi wa data, yote matatu, na hakuna mkutano wa wataalamu uliowahi kuyapata mengine ya maana zaidi.

Najua mtakayosema, kwa sababu kijiweni kwetu tumeshaligombania jambo hili mpaka kahawa ikapoa. Tuligawanyika kambi mbili, na mimi nimegombana na zote.

Kambi ya kwanza ni ya wazalendo. Hao wanasema: damu yetu ibaki kwetu, data zisivuke hata mpaka wa Namanga, mabeberu wametuibia vya kutosha. Mwenzetu mmoja alisema haya akipiga meza, machozi yanamlenga. Na sithubutu kumwambia kwamba hana sababu. Sikoseli yenyewe ina historia. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria. Ni ugunduzi mkubwa, umo kwenye vitabu vya bailojia. Aliupataje? Pamoja na mambo mengine, aliwachukua watu wazima 30 wa kabila la Waluo, waliojitolea kama ilivyoandikwa, 15 wenye chembe ile na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya wasio nayo, 14 walikutwa na vijidudu. Kati ya wenye nayo, 2. Hesabu nzuri sana. Jina la Allison nalijua. Ya wale 30 siyajui, na sidhani kama wewe unayajua.

Lakini sikiliza na upande huu. Dawa ya haidroksiurea iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wazima wa sikoseli mwaka 1998. Kwetu je? Miaka inakwenda, watoto wanazikwa, madaktari wanaogopa: je, kwenye nchi ya malaria dawa hii haitawaua? Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, na chembe nyeupe ndizo askari wetu. Swali lile halikujibika kwa hotuba. Lilijibiwa na utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale: nchi nne, watoto 606 waliopewa dawa, wazazi wakizungumza Kireno, Kifaransa, Kilingala, Kigiriama na lugha nyingine. Takwimu zao zilivuka mipaka na bahari, zikakutanishwa na za wenzao katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani. Desemba 2018 majibu yakatoka: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria, ile malaria iliyoogopwa, nayo ilipungua.

Mdogo wangu anameza kidonge hicho kila asubuhi kabla ya shule. Sasa bwana mzalendo, njoo nyumbani kwetu uniambie kwamba data za mtoto wa Kilifi zisingevuka mpaka. Nchi moja peke yake ingeleta jibu, na jirani angesema watoto wenu si watoto wetu na malaria yenu si malaria yetu. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Ukiwafungia sandukuni kwa ajili ya heshima ya taifa, heshima hiyo ataila nani?

Halafu hili la kwamba nyumbani ni salama kwa sababu ni nyumbani, mimi limenishinda. Juni 2024 wahuni wa kompyuta waliingia kwenye mitambo ya maabara za taifa za Afrika Kusini, majibu ya wagonjwa yakakwama nchi nzima, na ile ndiyo nchi yenye mitambo ya kutambia katika bara hili. Na sisi je? Nimewahi kununua karanga za kukaanga stendi, kufungua kile kikaratasi nikakuta ni majibu ya mkojo ya mtu, jina lake lote na umri. Nilimaliza karanga. Karatasi nilishindwa kuitupa, nikaichoma. Yule mtu hakuibiwa na beberu.

Kambi ya pili ni ya wasomi wapya, wenye laptopu na maneno laini. Hao husema sayansi haina mipaka, data ni za binadamu wote, fungueni, shirikisheni, maendeleo yatakuja. Wana baba zao wa kuwatolea mfano: mwaka 1996, kule Bermuda, wanasayansi waliokuwa wakisoma jeni za binadamu walikubaliana kila walichokisoma kitolewe hadharani ndani ya saa 24, bure kwa dunia. Nakubali, lile lilikuwa jambo la kiungwana. Ila uungwana una bei, na bei hailipwi sawasawa.

Novemba 2021 maabara za Botswana na Afrika Kusini ziliona kirusi cha Korona cha sura mpya. Hawakukificha. Walikisoma, wakaziweka herufi zake kwenye hazina ya pamoja ya dunia, GISAID, na kutangaza waziwazi. Tarehe 26 kikapewa jina Omicron. Malipo yao? Uingereza ilikuwa tayari imefunga milango kwa ndege za nchi sita za kusini mwa Afrika, wengine wakafuata mbiombio. Ndiyo kusema anayepiga mbiu ya moto ndiye anayefungiwa kisima.

Au chukua mfano wa dawa. Mwaka 2005 na 2006, watafiti wa Dallas waliwakuta Wamarekani weusi wachache, kama 2 katika 100, wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo PCSK9. Hitilafu njema, kama kuna kitu hicho: lehemu yao ya damu ilikuwa chini, na ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa nadra ajabu. Kutokana na elimu ile zikatengenezwa dawa mbili, zikaidhinishwa 2015, bei ya kuanzia zaidi ya dola 14,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Jeni hutazamwa kwa watu weusi, dawa hununuliwa na wenye nacho. Na kwa sikoseli yenyewe, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ilitajwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Mama mdogo akiuza vitambaa mpaka Kiyama hafiki.

"Lakini majina yanaondolewa," wananiambia wale wa laptopu. Haya. Januari 2013 kikundi cha watafiti huko Marekani kilichukua jeni za watu wasiotajwa majina, kikazilinganisha na orodha za koo zilizoko wazi kwenye intaneti, kikawatambua karibu watu 50. Walifanya kwa nia njema, kuonyesha hatari. Asiye na nia njema hatachapisha. Na mtaani kwetu wala huhitaji jeni: sema mtoto wa kiume, miaka 9, sikoseli, kata fulani, alilazwa mwezi fulani. Hata muuza mkaa atakwambia ni mtoto wa nani. Kisha kesho na keshokutwa posa inakuja kwa dada yake, watu wanaulizana pembeni, "ule ukoo una ugonjwa". Neno "zisizotambulishika" halijawahi kuishi Mbagala.

Na usisahau kwamba mwenye ghala naye hufa. Kampuni ya 23andMe ya Marekani ilikusanya mate ya mamilioni ya watu. Oktoba 2023 ikatangaza kuvuja, baadaye ikajulikana ni habari za watu milioni 6.9, Machi 2025 ikaomba kufilisiwa, na jeni za wateja zikawa mali ya kuuzwa pamoja na mali nyingine. Wengine watasema basi tuweke kwenye ghala la kampuni kubwa isiyofilisika. Sawa. Ila kuna sheria ya Marekani ya Machi 2018 inayowezesha serikali yao kuitaka kampuni ya kwao itoe data ilizozishika hata kama ghala liko nchi nyingine. Mnajua kifupi cha jina la sheria hiyo? CLOUD. Wingu! Hawa watu wana utani.

Sasa mtaniuliza, wewe unayegombana na kila mtu unataka nini? Nataka kitu ambacho wahenga walishakisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti aje kwenye data, data zisimfuate mtafiti kwao. Hili si ndoto ya kijiweni. Waingereza wana hazina ya watu 500,000 iitwayo UK Biobank, na tangu 2021 wamejenga chumba cha kompyuta ambamo mtafiti wa nchi yoyote huingia kwa paswedi yake, hufanyia hesabu zake humohumo, kisha hutoka na majibu. Hao ni matajiri, na wamefunga chumba. Sisi maskini ndio tunaambiwa kufunga chumba ni ushamba! Kuna na njia nyingine, ambapo kila nchi hubaki na data zake na swali ndilo linalosafirishwa: kompyuta ya Dar inajibu kwa ajili ya Dar, ya Kumasi kwa ajili ya Kumasi, halafu majumlisho peke yake ndiyo yanakutanishwa.

Ghala liwe popote, hata Ireland, sina neno, mradi vitu vimesimbwa, yaani vimegeuzwa fumbo ambalo mwenye ghala mwenyewe akilitazama haoni kitu, na ufunguo wa fumbo usikae kwake. Ukae kwa wenye wagonjwa. Hapo hata akiletewa amri ya mahakama ya kwao atatoa makapi. Nawaambia ukweli, kufuli hili lina udhaifu: kompyuta haiwezi kupiga hesabu juu ya fumbo kirahisi, lazima data zifunguliwe wakati wa kazi, na wakati huo ndio mwizi anaoungojea. Ndiyo maana nataka daftari la mlangoni. Nani ameingia, saa ngapi, ameuliza nini, ametoka na nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mdogo analijua hilo kila jioni anapofunga hesabu, inakuwaje profesa asilijue?

Wala msiniambie Afrika hatuwezi. Tangu 2017 Muhimbili, Kumasi na Abuja wana daftari la pamoja la wagonjwa wa sikoseli, zaidi ya elfu kumi, na kitovu chake cha data kiko Chuo Kikuu cha Cape Town. Tumeweza. Tatizo ni kwamba kazi kama hii inaendeshwa kwa fedha za utafiti za Marekani, na mwenye fedha akikunja mkono leo, kesho kitovu kinatafuta mlezi.

Sheria zipo, nisiseme hazipo. Kenya wana ya 2019. Ya kwetu ya kulinda taarifa binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje. Desemba 2025 Wakenya walituonyesha kwamba sheria ikishikwa mkononi inauma: serikali yao ilitia saini Washington mkataba wa afya wa miaka 5, Marekani ikiahidi dola bilioni 1.6. Haikupita hata wiki mbili watetezi wa watumiaji wakawa wamefika Mahakama Kuu ya Nairobi, na mahakama ikasimamisha kwa muda kipengele cha kuhamisha data za afya za wananchi. Fedha zile ni za dawa za Ukimwi na malaria, sifurahii zikichelewa. Lakini nilifurahi kwamba mtu alisimama akauliza ufunguo anao nani.

Tatizo ni kwamba ile sheria yetu ya 2022 haikumsaidia mama mdogo kusoma ukurasa wa 4. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapowageukia ninyi.

Ile fomu iliandikwa na nani? Si na Mmarekani. Mmarekani aliandika ya Kiingereza. Ya Kiswahili iliandikwa na mmoja wetu, mtu wa rika letu pengine, kijana wa lugha aliyelipwa kwa ukurasa, akakaa na kamusi yake usiku mmoja, akaona "kompyuta ya wingu" akaridhika, akachukua hela yake. Sisi tunakesha tukipigania vina na mizani. Tunatukanana kurasa tatu kwa sababu fulani kaandika shairi lisilo na urari. Tunaandika hadithi za machangudoa na mafisadi, nzuri tu. Na maandishi ya Kiswahili ambayo watu wetu hutia saini juu yake, wakiwa na hofu, wakiwa na mtoto mgongoni, tumewaachia watu wasiojali kama yanasomeka. Hamna hata mmoja kwenye vikao vyetu aliyewahi kuleta fomu ya ridhaa tuichambue. Kwa nini? Kwa sababu haina mapenzi ndani yake? Ina damu ndani yake, jamani.

Na kuna jambo jingine ambalo fomu ile ililipita kimya. Aliyetia saini ni mama. Mwenye damu ni mtoto wa miaka 9. Siku akifika 18, jeni zake zitakuwa zimeshakaa kwenye ghala nusu ya umri wake, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kuna mtu atakayemfuata kumuuliza kama na yeye anakubali.

Basi nimejaribu. Nimeomba nakala ya ile fomu, nikakaa nayo siku nne, nikaiandika upya ikawa kurasa 2. Pale penye wingu nimeandika hivi: "Majibu ya damu ya mtoto wako yatawekwa kwenye kompyuta kubwa ya kampuni ya nje, iliyoko nchi ya... Tutayafunga ili kampuni isiyasome. Ufunguo utakaa kwa... Watafiti wa nchi nyingine wataweza kuyatumia, na kila atakayeyatumia ataandikwa. Ukitaka kujua ni nani, njoo uulize kwa... Ukikataa, mtoto atatibiwa vilevile." Zile nafasi nimeziacha wazi kwa sababu sina majibu yake. Nilimsomea mama mdogo akiwa anakunja vitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hapo kwenye nukta, wakishajaza, niite."

Nimempelekea yule nesi. Alizipokea vizuri, akasema atamfikishia mkubwa wake. Hii ni wiki ya tatu.